Mgeni Hatakuja Kuangalia Choo

Nilikuwa msichana pekee katika ofisi ya ramani wakati Sumbawanga ilipofanywa makao makuu ya mkoa mpya. Kabla ya hapo ulikuwa mji mdogo wa wilaya: boma, misheni, maduka machache yaliyoezekwa mabati, barabara ya vumbi inayotoka Tunduma, na upepo wa Ufipa ambao hauna cha kuuzuia. Malori yakaanza kuleta watumishi kutoka Mbeya na makabati yao na vitanda vyao vya chuma. Tuliambiwa tunajenga mji wa wakulima na wafanyakazi, mji ambao mwananchi ataingia akiwa na kifua mbele. Niliyaamini maneno hayo. Nasema hivyo bila aibu, kwa sababu aliyeamini hakukosea. Aliyekosea ni yule aliyeyasema huku akijua hana nia nayo.

Nilizaliwa kijijini, juu ya uwanda, kwa wakulima wa ulezi na mahindi, Wakatoliki wa kupiga magoti kila jioni. Masista walinisomesha, kisha nikapelekwa kozi ya kuchora ramani. Niliporudi na kuanza kazi nilikaa mtaa wa Mazwi, mjini, kwa shangazi yangu, dada yake baba. Alikuwa mjane. Alikuwa anauza maharage na kimea cha ulezi sokoni, na kwa kazi hiyo alikuwa amelea watoto wake wote na kumwoza binti yake mkubwa kwa fundi baiskeli mmoja mpole aliyekuwa na kibanda chake pembeni mwa soko hilohilo.

Shangazi alikuwa mtu mwenye haya kupita kiasi. Hakuwahi kula mbele ya mwanamume asiye wa ukoo wetu. Yeye na huyo mkwe wake, yule fundi, walikuwa wanasalimiana kwa mbali, kila mmoja akiangalia chini, kama desturi inavyotaka, na shangazi akitaka kupita karibu na kibanda chake alikuwa anazunguka nyuma ya maduka ili asimkute amekaa vibaya au yeye mwenyewe asikutwe amejifunga kanga vibaya. Naieleza haya yake kwa sababu bila kuifahamu mtu anaweza kudhani nakuza jambo dogo.

Mkubwa wangu wa kazi tulikuwa tunamwita Bwana Mipango. Alikuwa mtu wa Mbeya, mkimya, msomi, asiyekunywa pombe, na alinifundisha kazi kwa uvumilivu. Kazi yetu ilikuwa kupanga huduma za mji mpya: zahanati ikae wapi, shule wapi, stendi ya mabasi wapi, watoto wacheze wapi, maji yapite wapi. Siku moja aliweka kalamu chini akaniambia, "Binti, mji si barabara. Mji ni mahali ambapo mtu anapata anachohitaji bila kumwomba mtu." Nililishika neno lile. Bado naliona ni la kweli, ingawa aliyelisema hakulisimamia.

Tulipofika kwenye ramani ya soko jipya, litakalojengwa palepale penye lile la zamani, aliniambia nimuulize shangazi akina mama wa sokoni wanahitaji nini. Nikamuuliza jioni akiwa anapepeta maharage. Alisema wanahitaji ukuta upande upepo unakotoka, kwa sababu mwezi wa sita na wa saba vidole vinakufa ganzi hata kupima kisado unashindwa. Wanahitaji maji. Halafu akatazama mlangoni kama kuna mtu, akapunguza sauti.

"Na mahali pa kujisitiri," akasema. "Hilo ndilo kubwa. Lakini usiseme ofisini kwamba mimi ndiye niliyesema."

Asiyeijua Ufipa hawezi kujua uzito wa ombi lile. Huko kwingine mtu akibanwa anaingia kichakani. Kwetu ni uwanda wa nyasi. Ukisimama mlangoni unamwona mtu anayekuja kabla hajajua kama anakuja kwako. Nyumbani kila mtu ana choo chake, na siku zile redio ilikuwa inahimiza kila kaya ichimbe, na mabwana afya walikuwa wanapita vijijini wakiwatoza watu faini wasipochimba. Baba yangu alichimba cha pili kwa kuogopa kwamba cha kwanza hakina kina cha kutosha. Mwanamke anayetoka kwenye nyumba yenye choo, akatembea tangu alfajiri na mzigo kichwani, akafika kwenye mji wa serikali, hakuwa anapata hata kichaka kimoja cha kujificha nyuma yake.

Basi nilichora. Niliweka vyoo vya wanawake upande wa mashariki wa soko, mlango ukitazama ukuta, ili mama akiingia asionekane na watu wa stendi. Nikaweka bomba karibu. Vya wanaume nikaviweka upande mwingine kabisa. Bwana Mipango aliiangalia ramani kwa muda mrefu, akasema, "Hapa umefikiri." Nikaenda nyumbani nikitembea kama mtu aliyepewa ng'ombe.

Kisha likaja suala la mgeni. Kiongozi mmoja mkubwa alikuwa anakuja kuzindua soko, na tarehe ikaletwa karibu kuliko ilivyotarajiwa. Saruji ilikuwa adimu. Kamati ya mipango ikakutana kuamua nini kijengwe sasa na nini kisubiri. Nilikwenda kwa sababu kuna mtu alitakiwa abebe ramani na kuzitandika mezani, nikakaa kwenye benchi ukutani.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa mtu wa maneno mengi na suti ya Kichina iliyopigwa pasi vizuri. Hakuwa mwenyeji. Aliinama juu ya ramani yangu, akaweka kidole upande wa mashariki.

"Hiki ni nini?"

"Ni vyoo, ndugu mwenyekiti," Bwana Mipango akajibu. "Vya akina mama."

"Na jukwaa liko wapi?"

"Jukwaa halikuwa kwenye mpango, ndugu mwenyekiti."

"Mgeni atahutubia akiwa amesimama wapi? Juu ya gunia la mahindi?" Watu wakacheka. "Ondoa hivi vyoo, weka jukwaa. Vyoo awamu ya pili. Mgeni hatakuja kuangalia choo."

Wakacheka tena. Walikuwa wanaume watupu, wote wameoa, wote wana mama zao. Nilisubiri Bwana Mipango aseme neno. Alikuwa anaangalia viatu vyake. Nikasimama.

"Ndugu mwenyekiti, samahani. Akina mama watajisaidia wapi?"

Mwenyekiti hakukasirika, na mpaka leo hicho ndicho kinachonichoma. Alitabasamu kama mtu anayemfundisha mtoto.

"Binti yangu, hawa wametoka porini. Wamezoea. Tusiwapangie matatizo ambayo wao wenyewe hawana."

Porini. Ufipa yote haikuwa na pori la kumfichia hata mbuzi, na mtu huyu alikuwa amekaa kwetu miezi mingi bila kuliona hilo, kwa sababu yeye alikuwa anatoka kwenye nyumba yenye choo cha kuvuta maji na kwenda kwenye ofisi yenye choo chenye kufuli. Nikakaa. Kikao kikaendelea na suala la bendera.

Tuliporudi ofisini, Bwana Mipango alinipa wembe. Wino wa ramani haufutiki kwa raba, unakwanguliwa taratibu mpaka karatasi ibaki nyeupe. Nikauweka wembe mezani.

"Mimi sikwangui, bwana," nikamwambia. "Nimevichora kwa mkono wangu, kwa maneno ya watu wanaokaa pale kutwa. Akitaka aje akwangue mwenyewe."

Hakunikaripia. Aliuchukua wembe, akavuta kiti, akakwangua yeye. Alifanya kazi safi sana, huwezi kujua kwamba pale palikuwa na kitu. Kisha akachora jukwaa.

Mgeni akaja, akahutubia juu ya jukwaa kuhusu utu wa mwananchi, akaondoka. Jukwaa likabaki wazi, likawa mahali pa mbuzi kulala. Akina mama wakabaki na soko.

Sasa niseme jinsi walivyoishi, kwa sababu hakuna ripoti iliyoandikwa kuhusu hilo. Shangazi aliacha kunywa uji asubuhi. Aliondoka nyumbani na mdomo mkavu, akakaa nyuma ya maharage yake kutwa bila tone la maji, akirudi jioni midomo imepasuka. Kutoka sokoni mpaka nyumbani kwetu na kurudi ni mwendo mrefu, na ukiacha mzigo hukuti mteja wala mzigo. Wale waliokaa jirani walikuwa na nafuu. Lakini wale waliopanda kutoka Milepa, kule bondeni, na mchele wao, waliofika kwa lori na kulala mjini siku mbili, sijui walifanyaje. Wanaume hawakuwa na tatizo. Walikuwa na ukuta wa nyuma ya maduka, na hakuna aliyewahi kukamatwa kwa ajili ya ukuta ule, ingawa harufu yake ilikuwa inafika mpaka kwenye nyama.

Baada ya miezi kadhaa shangazi akaanza kuumwa. Alikuwa anajikunja kitandani, akishika chini ya kitovu. Nikamlazimisha kwenda zahanati. Muuguzi akamuuliza, "Mama, unakunywa maji kiasi gani?" Shangazi akacheka kidogo, akasema hanywi. Muuguzi akamgombeza, akampa dawa, akamwambia asipokunywa maji mengi kila siku figo zitaharibika. Basi shangazi, mtu wa kutii, akaanza kunywa maji.

Upande wa pili wa barabara, nyuma ya ofisi za serikali, palikuwa na safu ya mikaratusi iliyopandwa na wakoloni. Ilikuwa miti pekee ya maana karibu na soko. Siku moja ya soko, kabla ya mchana, shangazi alibanwa. Alivumilia mpaka akashindwa. Akamwachia jirani yake mzigo, akavuka barabara, akaingia kwenye mikaratusi. Alikuwa bado hajasimama wakati mgambo alipomshika bega.

Kulikuwa na sheria ndogo ya usafi wa mji, na mgambo alikuwa ameambiwa aisimamie. Angeweza kumwonya. Angeweza kugeuka upande wa pili, kama alivyogeuka kila siku penye ule ukuta. Badala yake alimtoa pale hajamaliza kujifunga kanga, akamvusha barabara, akampitisha katikati ya soko, akitangaza kwa sauti kosa lake, kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika. Wengine walicheka. Wengi waliangalia chini. Alimpitisha mbele ya wauza nyama, mbele ya wauza vyungu, na mbele ya kibanda cha mafundi baiskeli, ambako mkwe wake alikuwa ameketi na gurudumu magotini.

Sikuyaona hayo, niliyasikia baadaye. Nilichokiona ni kupitia dirisha la ofisi: shangazi yangu akifagia majani ya mikaratusi kwenye uwanja wa ofisi, kwa ufagio wa chelewa, na mgambo amesimama na rungu. Nilitoka mbio.

"Shangazi, kuna nini?"

Alinijibu kwa Kifipa, bila kuinua uso. Aliniambia nisimwangalie.

"Hii ni adhabu yake," mgambo akasema. "Atafagia mpaka saa kumi. Wewe ni mtumishi, rudi ndani."

Nikachukua ufagio mwingine uliokuwa umeegemezwa ukutani, nikaanza kufagia upande wa pili. Mgambo hakujua afanye nini na mtumishi anayefagia, kwa hiyo akaacha. Tulifagia pamoja tukiwa tumepeana migongo, kwa sababu ndivyo alivyotaka. Saa za kula zilipofika mwenyekiti alitoka ofisini, akapita karibu yetu. Hakuuliza. Alisema tu, "Vizuri, vizuri. Mazingira safi," akaingia kwenye gari.

Nyumbani shangazi hakulia. Aliosha kanga yake, akaianika, akaosha tena. Maneno aliyoyasema usiku ule yalikuwa machache: "Amenipitisha mbele ya mkwe wangu." Kwa mtu wa nje pengine hilo si kitu. Kwetu afadhali angepigwa fimbo. Kesho yake hakwenda sokoni, wala kesho kutwa. Binti yake, ambaye alikuwa anamleta mjukuu kila Jumapili baada ya misa, hakuja. Fundi hakumzuia, alikuwa mwenyewe hajui aiangalie vipi nyumba ile, na mkewe akaona aibu kwa niaba ya wote wawili.

Aliyekuja ni jirani wa shangazi sokoni, mama mmoja muuza dagaa, mhamiaji kutoka Mbeya, mume wake alikuwa tarishi. Alikuwa mtu wa sauti kubwa na moyo mkubwa. Alileta mzigo wa maharage uliokuwa umeachwa sokoni siku ile, akaketi, akavua viatu.

"Dada," akamwambia shangazi, "siku ya soko hatuuzi. Tunakwenda kwao kuomba choo. Wote. Twende pamoja."

"Kwao wapi?"

"Ofisini. Kile chenye kufuli."

Shangazi alitikisa kichwa. "Nendeni nyie. Mimi nimeshaonekana vya kutosha."

Mama wa dagaa akanigeukia. "Na wewe, mwanangu? Utatukataa tukija?"

"Nitawafungulia mlango," nikasema.

Walikuja asubuhi. Waliingia ofisini kimya, wamejitanda kanga, wengine wamebeba watoto mgongoni, wengine wamekuja na vikapu vyao. Walijaza korido yote, wakajipanga mstari hadi nje kwenye ngazi. Hakuna aliyepiga kelele. Mama wa dagaa alikuwa wa kwanza. Mwenyekiti alitoka chumbani mwake kuona kuna nini.

"Shikamoo, mzee," mama wa dagaa akasema, akapiga goti.

"Marahaba. Mnataka nini?"

"Tunaomba choo, mzee."

"Choo?"

"Ndiyo, mzee. Kwenye mikaratusi tumekatazwa, na sheria ni sheria. Sokoni hakuna. Tukasema twende kwa serikali yetu."

"Hiki ni choo cha watumishi."

"Tumesikia, mzee. Sisi hatuna haraka. Tutasubiri."

Wakakaa chini, sakafuni, pale pale kwenye mstari. Mwenyekiti akawaambia waondoke. Wakamwitikia, "Ndiyo, mzee," wakaendelea kukaa. Akamwita mgambo, yule yule. Mgambo alifika mlangoni, akaona wanawake wote wanamwangalia, na mmoja wao alikuwa mama yake mdogo. Akarudi nje.

Siku ikaenda. Sokoni palikuwa pakavu. Wake za watumishi walikwenda kutafuta maharage na dagaa wakakuta meza tupu. Ofisini watumishi walianza kubanwa na wao, maana kile choo kilikuwa mwisho wa korido na huwezi kukifikia bila kupita mbele ya macho ya wanawake wale, na kila ukipita wanasogea kidogo kukupisha na kukupa pole ya kazi. Karani mmoja alijaribu, akafika katikati, akajifanya amesahau faili, akarudi. Nikamwona mwenyekiti naye anatoka chumbani mwake. Akaona mstari. Akasimama.

"Pita, mzee," mama wa dagaa akamwambia kwa heshima yote. "Wewe ni mkubwa, huwezi kupanga foleni. Pita tu, tutakusubiri umalize."

Alirudi ndani. Baada ya muda akatoka tena, akapita mlango wa nje, akaingia kwenye gari na kuamuru apelekwe nyumbani, mahali ambapo ni karibu kwenda kwa miguu. Sikucheka. Nilitaka kucheka lakini hasira ilikuwa imekaa mahali pa kicheko. Mtu mzima alikuwa amejua kwa nusu siku kitu ambacho mama zangu walikuwa wamekijua mwaka mzima, na yeye alikuwa na gari.

Wiki hiyohiyo kamati ikakutana. Safari hii sikuitwa hata kubeba ramani. Bwana Mipango aliporudi aliniambia uamuzi: vyoo vitajengwa, kwa nguvu za wananchi, katika moyo wa kujitegemea.

"Wananchi gani?" nikamuuliza.

"Akina mama wa sokoni."

Basi wakachimba. Wakachimba wale wale waliokaa sakafuni kwenye korido, kwa majembe yao, siku ambazo wangekuwa wanauza. Udongo wa pale ni mgumu, na mama wa dagaa aliumia mguu. Saruji ya kufunikia mashimo, ile iliyokuwa adimu, ilipatikana mara moja: ilikuwa imerundikwa kwenye bwalo la starehe za wakubwa lililokuwa linajengwa upande wa pili wa mji, bwalo ambalo halikuwahi kusubiri awamu ya pili. Vyoo vilipokamilika, nusu walipewa wanaume, nusu ile iliyo karibu na bomba, na milango yote ilitazama stendi, kwa sababu hakuna aliyefungua ramani yangu. Mwenyekiti akaja kuzindua. Alisema kamati yake iliona mbali. Akina mama walipiga vigelegele, kwa maana mtu akipewa chake baada ya kunyimwa sana anashangilia, na hilo nalo liliniuma.

Mwezi haukwisha nikaambiwa nimehamishwa. Nilikuwa nahitajika bondeni, Milepa, kupima viwanja vya kijiji cha ujamaa. Mwenyekiti alisema mbele ya watu kwamba binti huyu ana moyo wa vijijini. Bwana Mipango alikuja kuniaga nikiwa nafunga virago. Alisimama mlangoni na kofia mkononi.

"Ningesema nini siku ile?" akaniuliza. "Nina watoto, binti."

"Hata shangazi ana watoto, bwana," nikamjibu. "Mmoja ameolewa na mtu aliyekuwa amekaa pale alipopitishwa."

Alinipa mkono, nikaupokea, kwa sababu mtu aliyekufundisha kazi humnyimi mkono. Lakini sikumwambia kwamba nimemsamehe, na sikuwa nimemsamehe.

Niliporudi likizo, nilimkuta shangazi bado yuko nyumbani. Alikuwa anauzia wateja wachache mlangoni, wanaomfuata. Kimea chake kilikuwa kizuri, watu walikuwa wanatembea kukifuata. Sokoni hakurudi, hata baada ya vyoo. Nilimwambia nitakwenda kwa mwenyekiti nimtake aje amwombe radhi.

"Atakuja aseme samahani kwa kosa gani?" akaniuliza. "Itabidi alitaje. Unataka alitaje mbele yangu?"

Nilielewa kwamba aibu ile walikuwa wameifanya kubwa mpaka hata dawa yake ikawa aibu.

Katika likizo hiyohiyo, asubuhi moja ya baridi, tulisikia mtu anabisha hodi nje. Shangazi alitambua sauti, akaniashiria nisifungue. Alikuwa mkwe wake, yule fundi. Hakuingia. Alisimama nje ya ukuta, ametupa mgongo, kama desturi inavyotaka, na kuongea akitazama barabarani.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, baba," shangazi akajibu kutoka ndani.

"Mama, nimekuja kusema neno moja tu. Siku ile sokoni mimi sikuona kitu. Nilikuwa nimeinama natengeneza baiskeli. Watu wanasema mengi, lakini mimi sikuona kitu."

Alikuwa anasema uongo, na sote watatu tulijua. Shangazi alishika mlango kwa mikono miwili.

"Nimesikia, baba," akasema mwishowe. "Mwambie mwenzio Jumapili amlete mtoto."

Fundi akaaga, akapanda baiskeli yake. Shangazi akarudi jikoni akawasha moto. Mimi nilikaa pale mlangoni nikiwaza kwamba katika mji mzima, wenye kamati na mihuri na magari, aliyekuja kumfunika mwanamke yule alikuwa mtu asiye na cheo, na alichokuwa nacho cha kumfunikia ni uongo mmoja tu. Nilimshukuru. Hasira yangu kwa wale wengine haikupungua, na sijaona sababu ya kuipunguza.